Kupima na Kuchagua Programu ya Kompyuta kwa Hesabu za Shule

Mwalimu anapohitimu chuoni hutarajia kwamba kazi yake itakuwa ubao, chaki na watoto. Haipiti miaka mingi kabla hajajikuta, pengine bila kupenda, ameteuliwa kuwa mtunza fedha wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, mjumbe wa kamati ya manunuzi, mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule. Hapo hukabiliwa na kazi ambayo masomo ya chuo huigusa kwa mbali tu. Wauzaji wawili au watatu hubisha hodi, kila mmoja na programu yake ya kutunzia ada, mishahara, stoo na maendeleo ya wanafunzi, na kila mmoja huapa kwamba yake ndiyo bora na zile nyingine ni za kubabaisha. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi aelewe namna ya kuzipima programu hizo, na namna ya kuchagua moja kwa sababu anazoweza kuzieleza mbele ya wazazi na mbele ya mkaguzi wa hesabu.

Hapana budi kwanza tuweke mipaka. Katika shule ya msingi ya Serikali mwalimu mkuu hachagui sana. Kumbukumbu za watahiniwa huziandika katika mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, taarifa za shule huziingiza katika mfumo wa TAMISEMI, na kwa fedha za shule uliletwa mwaka 2017 mfumo wa FFARS, ambao ulihusu vituo vya afya pia. Mifumo hiyo imekwisha kuamuliwa juu, na wajibu wa mwalimu ni kuitumia ipasavyo. Suala la kuchagua huzihusu zaidi shule zisizo za Serikali, ambazo hapa Bukoba na Muleba si chache, pamoja na vyama vya akiba na mikopo, vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa, na hata duka la vifaa vya shule pale Rwamishenye. Walakini mwalimu wa shule ya Serikali asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Akiba yake mwenyewe imo katika chama ambacho hesabu zake zinatunzwa na programu iliyochaguliwa na wajumbe wenzake, na siku moja mjumbe huyo atakuwa yeye.

Mashine iliyotangulia maandalizi

Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili, na yafaa ikumbukwe. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilisimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza ya International Computers and Tabulators. Baadaye ikaja mashine kubwa zaidi, ya mfululizo wa 1900, na Serikali ikajaribu kuhamishia hesabu zake huko. Jaribio hilo lilishindwa na kuitia Serikali hasara. Wataalamu wa nchini waliokuwa na ujuzi wa mashine hizo walikuwa wachache mno, mategemeo yote yalikuwa kwa wageni, na utaratibu wa kazi haukuwa umeandaliwa kabla mashine haijafika. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, na marufuku hayo yakalegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Watu wengi huyataja kama kichekesho cha zama zile. Mimi siyaoni hivyo. Aliyenunua kitu ghali asichokimudu, kisha akaapa kutokinunua tena, ana sababu. Kosa lilikuwa katika namna ya kununua.

Kampuni ile iliyoiuzia nchi yetu kompyuta ya kwanza iliunganishwa na nyingine mwaka 1968 ikawa ICL, na ICL nayo hatimaye ikamezwa na Fujitsu ya Ujapani. Ni ICL hiyo iliyotengeneza programu ya Horizon kwa ajili ya Shirika la Posta la Uingereza, ambayo ilianza kusambazwa katika matawi mwaka 1999. Programu hiyo ilikuwa na kasoro. Ilionyesha upungufu wa fedha katika matawi ambayo fedha zake hazikupungua. Mameneja wa matawi, watu wa vijijini na wa miji midogo, waliulizwa fedha ziko wapi nao hawakuweza kujibu, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kuona namba zile zimetoka wapi. Baadhi walijaza pengo kwa akiba zao wenyewe. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa jela. Ni mwaka 2019 tu ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba programu ile ilikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo.

Nimekisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mwalimu mtunza fedha yu katika hali ile ile. Kompyuta ikisema kwamba ada iliyopokelewa ni shilingi 14,600,000 na benki ikasema ni 14,250,000, atakayeulizwa ni yeye. Muuzaji wa programu hataitwa mbele ya kikao cha wazazi. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza programu yoyote ya hesabu ni hili: je, kila namba inayoonekana katika taarifa yaweza kufuatwa nyuma, hatua kwa hatua, hadi kwenye stakabadhi moja iliyoandikwa siku fulani na mtu fulani? Kama haiwezekani, mazungumzo yakome hapo hapo, hata kama bei ni ya kutupa.

Kuanza na kazi yenyewe

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kumwita muuzaji. Muuzaji hufika na kompyuta yake mpakato, ambayo aghalabu ni mpya kuliko ya shule, huonyesha picha za rangi, chati zinazopanda na kushuka, na ujumbe wa simu unaomfikia mzazi papo hapo. Wajumbe hutazamana na kutabasamu. Kuanzia hapo shule huanza kutafuta matatizo yanayolingana na dawa iliyokwisha kuonyeshwa, badala ya kutafuta dawa ya matatizo iliyo nayo.

Njia iliyo bora ni kuketi kwanza na karani wa fedha na kuifuatilia shilingi moja. Mzazi anakuja kulipa ada. Je, analipa taslimu, kwa benki au kwa simu? Nani anapokea? Inaandikwa wapi kwanza, na wapi baadaye? Stakabadhi inatolewa na nani, na nakala inabaki wapi? Mwisho wa mwezi nani hulinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki? Mwalimu wa darasa hujuaje kwamba mtoto fulani anadaiwa? Majibu yaandikwe katika karatasi kama yalivyo, si kama yanavyopaswa kuwa. Karatasi mbili au tatu zinatosha. Katika zoezi hili hugundulika mara nyingi kwamba nusu ya taabu za shule haziponywi na kompyuta. Kama stakabadhi haziandikwi siku ile ile fedha zinapopokelewa, programu itatunza uzembe ule ule, ila kwa maandishi mazuri zaidi.

Kutokana na karatasi hizo shule huandika mahitaji yake katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ya lazima, ambayo programu ikikosa hata moja haifai. Fungu la pili ni yale yanayopendeza. Shule nyingi huyachanganya, na hapo ndipo muuzaji hodari hupenyeza hoja. Kumtumia mzazi ujumbe wa simu kunapendeza. Kutoweza kuifuta stakabadhi bila kuacha alama ni lazima. Kupanga wanafunzi kwa picha zao kunapendeza. Kuweza kumhudumia mzazi mmoja mwenye watoto watatu katika madarasa matatu ni lazima, maana katika shule zetu mzazi wa namna hiyo ndiye wa kawaida. Mahitaji ya lazima yasizidi kumi. Anayeandika arobaini hajaamua bado.

Jaribio la daftari

Sasa tufikie kiini cha kazi. Onyesho la muuzaji halithibitishi kitu, kwa kuwa huchagua mwenyewe la kuonyesha. Mkulima wa kahawa hairidhii mizani kwa kuambiwa na mnunuzi kwamba ni nzuri. Huuliza ikiwa imekaguliwa, na akipata nafasi hupandisha juu yake kitu anachoujua uzito wake. Programu nayo yahitaji kupandishiwa kitu ambacho uzito wake unajulikana.

Chukua daftari na uandike mambo kumi na mawili hadi ishirini ya fedha yaliyo mfano wa mwezi mmoja wa shule. Yafanyie hesabu kwa mkono hadi upate urari, na uhakikishe kwamba majibu yako ni sahihi. Kisha mpe kila muuzaji orodha hiyo hiyo, bila majibu, aiingize mbele yenu, au bora zaidi karani wenu aiingize mwenyewe huku muuzaji akimwelekeza kwa mdomo tu. Mwisho linganisheni majibu ya programu na ya daftari.

Uzuri wa jaribio umo katika mambo yanayochaguliwa. Malipo ya kawaida kila programu huyaweza. Weka yale yanayosumbua. Mzazi analipa shilingi 350,000 kwa simu kwa ajili ya watoto wawili bila kusema ni ngapi za nani. Mwingine amelipa zaidi ya ada ya muhula, na ziada ibebwe hadi muhula ujao. Mtoto anahama katikati ya muhula na anarudishiwa sehemu ya fedha. Mtoto wa mwalimu amepunguziwa ada kwa nusu. Mfadhili analipia wanafunzi watano kwa mkupuo, naye anataka taarifa yake peke yake. Shule inauza kahawa na ndizi za shamba lake, na fedha hizo ni za mradi wala haziruhusiwi kuchanganyika na ada. Hundi imepokelewa, ikaandikwa, kisha benki ikairudisha. Na mwisho, lililo muhimu kuliko yote: karani ameandika 530,000 badala ya 350,000, stakabadhi imekwisha kutolewa, na kosa limeonekana baada ya siku tatu.

Katika jambo hili la mwisho angalia kwa makini programu inafanya nini. Ziko zinazoruhusu karani aifungue stakabadhi ile, abadilishe namba, na kila kitu kikaonekana kama hakikutokea. Muuzaji ataliita jambo hilo urahisi wa matumizi. Kwa kweli ni mlango wa wizi, na kwa karani mwaminifu ni mtego, kwa kuwa siku fedha zikipotea hataweza kuthibitisha kwamba si yeye aliyebadilisha. Programu inayofaa huiacha stakabadhi ya kwanza ilivyo, huandika ingizo la kuisahihisha, na hutunza jina la aliyesahihisha, tarehe na saa. Ndivyo hata wahasibu wa kalamu na wino walivyofundishwa: kosa hupigwa mstari mmoja linalosomeka chini yake, halifutwi kwa kifutio.

Wauzaji wengine hukataa jaribio hili, au huomba waondoke na daftari waje na majibu wiki ijayo. Anayeomba hivyo asihukumiwe upesi, huenda ana sababu ya haki, lakini ajue kwamba shule haikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Muuzaji anayejiamini hufurahia jaribio, maana humtofautisha na wenzake.

Lipo jambo jingine la kufanya katika hatua hii. Mwombe kila muuzaji majina ya shule mbili ambazo zimeitumia programu yake kwa miaka isiyopungua miwili, kisha zitembeleeni. Mnapofika, msalimieni mwenye shule kwa heshima zote, mnywe chai yake, kisha ombeni kuzungumza na karani. Mwenye shule alilipa fedha na hatapenda kusema kwamba alikosea. Mwulizeni karani swali moja: ni jambo gani ambalo bado unaliandika pembeni katika daftari? Katika shule moja nilimwona karani akifungua droo na kutoa kaunta buku iliyojaa, ilhali kompyuta ya mamilioni ilikuwa mbele yake. Madeni ya wazazi yote yalikuwa katika buku lile. Kompyuta ilitumiwa kuchapa stakabadhi tu.

Bei, na gharama

Bei ni kile anachokitaja muuzaji. Gharama ni kile kitakachotoka katika mfuko wa shule hadi siku mtakapoiacha programu hiyo. Ili kulinganisha programu zinazouzwa kwa namna tofauti, hesabuni gharama za miaka mitano. Tuchukue mfano wa kubuni. Programu ya kwanza inauzwa shilingi 1,800,000 mara moja, mafunzo ni 400,000, na kuanzia mwaka wa pili kuna ada ya matengenezo ya 300,000 kwa mwaka. Ya pili haina bei ya kununua. Inatumika kwa njia ya intaneti kwa shilingi 60,000 kila mwezi, lakini itawalazimu kununua intaneti ya shilingi 30,000 kwa mwezi ambayo hamkuwa nayo. Ya tatu ni programu huria, isiyouzwa kabisa. Fundi wa kuisimika anataka 500,000, mafunzo 600,000, na fundi huyo alipwe 400,000 kila mwaka kwa kuitunza.

Kwa miaka mitano ya kwanza itagharimu shilingi 3,400,000, ya pili 5,400,000, na ya tatu 3,100,000. Ile iliyoonekana nafuu kuliko zote kwa kutajwa bei ya mwezi ndiyo ghali kuliko zote, na ile ya bure si ya bure. Tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu ni shilingi 300,000 kwa miaka mitano, yaani 5,000 kwa mwezi. Tofauti ndogo kama hiyo isiwe ndiyo inayoamua. Hapo swali lirudi kwa watu: nani atakuja siku kompyuta ikigoma wiki ya kufungua shule? Fundi aliye Hamugembe au Rwamishenye hufika kwa pikipiki. Aliye Mwanza hungoja basi au meli, naye hudai posho ya kulala.

Katika soko letu majina kadhaa ya programu za hesabu yanajulikana: Tally ya India, QuickBooks ya kampuni ya Intuit ya Marekani, Pastel ambayo asili yake ni Afrika Kusini na ikanunuliwa na kampuni ya Sage ya Uingereza mwaka 2003. Hizi ni programu za biashara kwa ujumla. Hazikutungwa kwa ajili ya shule, na neno kama muhula ni geni kwao. Nguvu yake ni kwamba uhasibu wake umejaribiwa na watu wengi, na si vigumu kumpata karani aliyekwisha kuitumia mojawapo. Pembeni yake ziko programu za shule zilizotungwa na vijana wa hapa nchini na wa nchi jirani, ambazo huyajua maisha ya shule zetu vizuri lakini pengine zimetungwa na mtu mmoja, na mtu huyo akipata ajira Dar es Salaam shule hubaki yatima. Ziko pia programu huria kama GnuCash na ERPNext. Sina upendeleo kwa fungu lolote. Ila ningemshauri mwalimu asidharau kazi ya vijana wa nchini, wala asiipokee kwa ajili ya uzalendo tu. Hata Serikali, iliyotumia kwa miaka mingi programu ya kigeni ya Epicor katika hesabu zake, ilianza mwaka 2019 kutumia MUSE, uliotengenezwa na wataalamu wake wenyewe. Lakini kwanza ilikuwa na wataalamu hao.

Masharti nayo hubadilika baada ya mtu kununua. Mwaka 2024 Intuit iliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo kadhaa ya QuickBooks ya kusimikwa katika kompyuta ya mnunuzi, ikiwaelekeza kwenye matoleo ya mtandaoni yanayolipiwa kila mwezi. Kampuni ina haki ya kufanya hivyo. Mnunuzi naye ana haki ya kuuliza mapema: mkibadilisha masharti, kumbukumbu zetu zitatoka kwa sura gani?

Swali hilo la kutoka huwashangaza wajumbe, kama vile kuuliza habari za talaka siku ya posa. Lakini ndilo huokoa shule. Mkataba utamke kwamba kumbukumbu ni mali ya shule, na kwamba wakati wowote shule yaweza kuzitoa zote katika majedwali ya kawaida yanayofunguka kwa Excel au LibreOffice, bila kumlipa muuzaji wala kumngoja. Msikubali maneno. Wakati wa jaribio mwambieni muuzaji azitoe mbele yenu, kisha fungueni jedwali hilo katika kompyuta nyingine mwone kama majina na namba zote zimo.

Kuhusu usalama wa kumbukumbu, sisi wa Kagera hatuhitaji kuhubiriwa sana. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliua watu, likabomoa maelfu ya nyumba, na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Ofisi ikianguka, kompyuta huanguka nayo. Kwa hiyo nakala ya kumbukumbu itunzwe nje ya jengo, ifanywe kwa ratiba inayojulikana, na ijaribiwe kwa kuifungua, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Umeme nao hukatika. Jaribuni programu kwa kuzima swichi karani akiwa katikati ya kuandika stakabadhi, halafu mtazame kilichobaki. Wauzaji hawalipendi jaribio hili, nami sioni sababu ya kuliacha.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtwika wajibu anayekusanya na kutunza taarifa za watu. Majina ya watoto, magonjwa yao, simu za wazazi na madeni yao ni taarifa binafsi. Shule haiwezi kusema kwamba muuzaji ndiye aliyezitunza. Mwulizeni zinahifadhiwa wapi, nani katika kampuni yake anaweza kuzisoma, na kama amewahi kuzitumia kuwaonyesha wateja wengine. Akifungua mbele yenu majina halisi ya wanafunzi wa shule nyingine ili kuwaonyesha uzuri wa programu, mmekwisha kupata jibu.

Kugawa alama

Baada ya majaribio, kamati hugawa alama. Utaratibu wa kawaida ni kuyapa mambo uzito: tuseme ulinganifu na kazi alama 40, huduma baada ya mauzo 25, gharama 20, urahisi wa matumizi 15. Uzito huo uandikwe na kutiwa sahihi kabla wauzaji hawajaitwa. Ukipangwa baadaye, kila mjumbe huuvuta upande wa programu aliyokwisha kuipenda. Kila mjumbe atoe alama peke yake kimya kimya, kisha ndipo zisomwe. Mkuu wa shule asome zake mwisho, la sivyo wengine watamfuata.

Hatari ya jumla ya alama ni kwamba huficha. Programu iliyopata 81 yaweza kuwa ndiyo ile inayoruhusu stakabadhi kufutwa, ila imefidia kwa uzuri wa sura na ulaini wa bei. Sisi walimu twapaswa kulitambua jambo hili upesi kuliko watu wengine. Mtoto aliyepata wastani mzuri lakini hawezi kusoma hatumwambii mzazi wake kwamba hali ni njema. Mambo ya lazima hayaingii katika wastani. Hukaguliwa kwanza, na programu iliyoshindwa huondolewa kabla ya kuhesabu.

Na kuhusu bahasha. Muuzaji anayetoa posho kwa wajumbe waliokuja kutazama onyesho lake, au simu mpya kwa mkuu wa shule, hutoa kwa fedha ambazo zitarudi kwake kupitia bei. Mjumbe aliyepokea ajitaje na ajitoe katika kikao.

Zoezi kwa darasa la chuo

Somo hili halifundishiki kwa mhadhara. Nimeona linashika vizuri likifanywa kwa maigizo ya vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza wanachuo wote huandaa daftari la mwezi mmoja wa shule ya kubuni na kupata urari kwa mkono. Wengi hapa hutokwa jasho, na ni vema, kwa kuwa asiyeweza kupata urari hawezi kuihukumu programu. Katika cha pili, vikundi viwili huwa wauzaji, kila kimoja na programu halisi iliyosimikwa katika kompyuta ya chuo. GnuCash na jedwali la kawaida la LibreOffice zinatosha, kwani hazihitaji kununuliwa. Kikundi cha tatu huwa kamati ya shule, na mkufunzi huwa mzazi mwenye watoto watatu anayedai kwamba amekwisha kulipa. Kipindi cha tatu ni cha kutetea uamuzi: kamati husimama mbele ya darasa na kueleza kwa nini imechagua hivyo, na wale walioshindwa huruhusiwa kuuliza maswali makali. Mkufunzi asitoe jibu lililo sahihi. Vikundi viwili vyaweza kufikia uamuzi tofauti kwa shule mbili tofauti, moja iliyo mjini Bukoba yenye umeme na intaneti, nyingine ya vijijini Muleba yenye karani mmoja na sola.

Chuo kisicho na kompyuta za kutosha kisikate tamaa. Kipindi cha kwanza ni cha kalamu na karatasi, na hicho ndicho kizito. Wanachuo waendapo mazoezi ya kufundisha wanaweza kulitumia wazo hilo hilo kwa watoto wa darasa la sita: walete mizani mbili za sokoni, walinganishe namna zinavyopima kilo moja ya mchele inayojulikana, kisha waandike ipi wangeichagua kwa duka la shule na kwa sababu gani.

Programu ikishachaguliwa, daftari lisiachwe siku hiyo. Kwa muhula mmoja mzima karani aandike kote kuwili, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kitabu cha fedha, programu na taarifa ya benki viwekwe juu ya meza moja na kulinganishwa. Vikitofautiana hata kwa shilingi 500, sababu itafutwe siku hiyo, na iandikwe. Ni kazi ya kuchosha, na karani alipwe posho ya saa za ziada. Gharama hiyo nayo iingizwe katika ile hesabu ya miaka mitano. Muhula ukiisha bila tofauti isiyoelezeka, daftari la zamani hupigwa mstari, hutiwa sahihi na karani na mkuu wa shule, huandikwa tarehe, na hufungiwa kabatini pamoja na karatasi za jaribio la siku ya kwanza.